Rakuni aliyezaa darini: mtego urudishwe kwanza

Swali: "Shikamoo daktari. Tunaishi Scarborough, Toronto, mimi, mume wangu na watoto wawili. Mkubwa ana miaka minne. Tangu mwisho wa Aprili tunasikia kishindo darini usiku, na sasa kuna vilio kama vya vitoto vya paka. Juzi saa nane mchana nilimwona rakuni mkubwa, yule mnyama mwenye kinyago cheusi usoni, akishuka kutoka kwenye paa, jirani akaniambia rakuni anayetembea mchana ana kichaa cha mbwa. Mume wangu ameazima mtego, anataka kumkamata na kumpeleka msituni, mbali huko kaskazini. Mwaka jana walituangushia mahindi yote ya uani kwa usiku mmoja, na pipa la kijani la mabaki ya chakula wanalipindua kila mara. Jirani wa upande wa pili, bibi mtu mzima, huwawekea chakula cha paka. Tufanye nini, na je, watoto wangu wako salama?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na mtego, kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri wiki moja na huo hauwezi. Mwambie baba watoto aurudishe alikouazima, leo hii.

Hivyo vilio ni vya watoto wa rakuni. Huku kwenye jimbo la Ontario wanyama hawa hupandana kati ya Januari na Machi, mimba huchukua siku 63 hivi, na majike wengi huzaa Aprili na Mei, kwa kawaida watoto 3 hadi 5. Huzaliwa wakiwa wamefumba macho, na hupita wiki 8 hadi 10 kabla hawajaweza kumfuata mama yao nje. Dume halisaidii kulea. Kwa hiyo anayeingia na kutoka kwenye paa lenu ni mama, na ndiye atakayenaswa. Akiondolewa, watoto watakufa njaa ndani ya ile pamba ya kuhifadhi joto, mahali usipofika bila kupasua dari, na uvundo wake utakaa nanyi majira yote ya joto. Kuziba tundu wakati mama yuko nje ni kosa lilelile. Mama aliyefungiwa nje hakati tamaa: hung'oa vigae vya lami na kurarua mbao za ukingo wa paa usiku kucha, asubuhi mnakuta matundu mawili badala ya moja.

Tena huo mpango wa msitu wa kaskazini unavunja sheria. Sheria ya Ontario ya samaki na wanyamapori ya mwaka 1997 inataka mnyama aliyenaswa kwa sababu ya kuharibu mali aachiwe ndani ya kilomita 1 kutoka pale aliponaswa. Watu huicheka, wanasema kilomita moja si atarudi kesho? Atarudi, ndiyo. Lakini sheria hiyo inalinda jambo kubwa kuliko dari. Kichaa cha rakuni kilivuka kutoka Marekani kikaingia Ontario mwaka 1999, kikapigwa vita kwa chanjo hadi kisa cha mwisho mwaka 2005, halafu Desemba 2015 kikazuka upya katika mji wa Hamilton. Rakuni mmoja mgonjwa ndani ya buti la gari husafirisha ugonjwa kwa saa moja umbali ambao kwa miguu yake ungechukua miaka. Na hata akiwa mzima, unamtupa ugenini. Profesa Suzanne MacDonald wa Chuo Kikuu cha York aliwavisha rakuni wa Toronto mikanda ya GPS, akakuta wanazunguka ndani ya mitaa michache tu na kukwepa barabara kubwa. Mnyama wa namna hiyo akimwagwa msituni hajui maji yako wapi wala pa kulala ni wapi, na nafasi aliyoiacha kwenu itachukuliwa na mwingine maadamu tundu lipo na pipa lipo.

Sasa la kufanya. Mama rakuni hategemei shimo moja. Ana mengine mawili matatu ndani ya eneo lake, na akiona lile la kwanza halina utulivu tena, huwabeba watoto kwa ngozi ya shingo, mmoja mmoja, usiku, akawahamishia kwingine. Kazi yenu ni kuiharibu starehe ya dari bila kumtia hofu ya kuuawa. Wekeni taa yenye mwanga mkali darini, karibu na walipolala, iwake mchana na usiku. Wekeni redio kwenye stesheni ya mazungumzo, maana sauti za watu humsumbua kuliko muziki. Kama kuna mlango wa dari, ufungueni na kuufunga kwa kishindo mara kadhaa mchana, ila msipande juu kuwasogelea watoto. Mama aliyebanwa kwenye kona anauma. Fanyeni hivyo siku kadhaa mfululizo, na muwe na subira kukiwa na mvua au baridi, kwa sababu hatawatoa watoto kwenye hali mbaya ya hewa.

Wengine watakushauri umwage amonia au utupe naftalini darini. Usikubali. Mvuke wa naftalini hushuka hadi vyumba mnavyolala, na watoto wako ndio watakaoumwa kabla ya hao wa rakuni.

Kujua kama wamehama ni rahisi. Sokomeza gazeti lililokunjwakunjwa kwenye tundu, kilegevu tu. Likikaa bila kuguswa usiku mbili au tatu za hali nzuri ya hewa, na vilio vikawa vimekoma, dari ni tupu. Likitupwa nje, bado wamo. Hapo ama mngoje hadi Julai watoto watoke wenyewe, ama mmwite fundi wa kuhamisha wanyamapori. Muulize kabla hajaja: "Watoto utawafanyaje?" Fundi mwema atakuambia anawatoa kwa mkono wenye glavu, anawaweka ndani ya sanduku lenye joto karibu na tundu, kisha anafunga mlango wa kutokea tu, unaosukumwa kwa ndani lakini kwa nje haufunguki. Mama akitoka hawezi kurudi, anawakuta watoto kwenye sanduku, na usiku huohuo anaanza kuwahamisha. Akikujibu kwamba atakuja na mtego na gari, tafuta mwingine.

Dari ikishakuwa tupu, zibeni siku hiyohiyo. Povu la kunyunyiza, ubao mwembamba na wavu wa kuku si kinga. Mikono ya mnyama huyu huvipasua. Kinachofaa ni wavu wa chuma uliochomelewa, wenye matundu ya milimita 13, ukapigiliwa kwa skrubu zenye washa (vile vipete bapa vya chuma), na ukapita ukingo wa tundu kwa sentimita kadhaa kila upande. Kagueni pia matundu ya hewa ya paa, dohani kama ipo, na pale paa la baraza linapokutana na ukuta. Hapo ndipo wengi huingilia. Tawi la mti linalogusa au kukaribia paa likatwe. Na chini ya baraza la mbao, wavu ushuke ardhini kama sentimita 30 kisha upinde kwenda nje sentimita nyingine 30, ili anayechimba akutane na chuma. Kwa msomaji aliyepanga nyumba: Ontario matengenezo haya ni wajibu wa mwenye nyumba. Mwandikie, usimpigie tu simu, na ubaki na nakala.

Huyo uliyemwona saa nane mchana hakunishtua. Mama anayenyonyesha ana njaa isiyongoja giza, na Mei na Juni huonekana mchana kila mahali Toronto. Angalia mwendo wake. Rakuni mzima hutembea akijua aendako, na ukipiga makofi huondoka, hata kama anaondoka kwa madaha. Mgonjwa hupepesuka, huzunguka palepale, huburuta miguu ya nyuma, hutokwa na usaha machoni, au hukaa tu akikutazama kana kwamba haupo. Mara nyingi hiyo ni distempa, ugonjwa usioambukiza binadamu ila unaoua mbwa asiyechanjwa. Kwa macho, lakini, hakuna awezaye kuutofautisha na kichaa, mimi nikiwemo. Ukiona dalili hizo, ingiza watoto ndani na upige 311, namba ya huduma za jiji, watu wa wanyama wa jiji waje.

Kichaa chenyewe hakina mjadala. Mtu akiumwa au kukwaruzwa na rakuni, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Dalili zikishaanza hakuna tiba. Chanjo ikitolewa mapema huokoa. Mbwa na paka wenu wote wanaozidi miezi 3 lazima wachanjwe, hiyo nayo ni sheria ya jimbo. Na kama siku moja mtakuta mahali kifuko kidogo cha plastiki cha kijani ya kaki chenye maandishi ya onyo, ni chambo chenye chanjo ambacho serikali humwagia wanyamapori katika baadhi ya maeneo ya kusini mwa Ontario. Kiacheni hapohapo.

Umeniuliza kuhusu kichaa, lakini ukiwa na mtoto wa miaka minne anayecheza uani, mimi naogopa zaidi kinyesi. Rakuni wana choo chao: huchagua mahali pamoja, chini ya mti, juu ya rundo la kuni, kwenye paa la banda au pembeni mwa baraza, na wote wa eneo hilo hujisaidia hapo, siku baada ya siku. Wengi wao wana mnyoo uitwao Baylisascaris procyonis. Mayai yake ni mengi mno na hayaonekani kwa macho, na yakiwa kwenye udongo hudumu miaka. Mtu akiyameza, mabuu hutoka tumboni na kutambaa mwilini, na yanaweza kufika machoni au kwenye ubongo. Visa kwa binadamu ni vichache sana, ila vinapotokea huwa vizito, na mara nyingi ni watoto wadogo wanaotia udongo mdomoni.

Habari njema ni kwamba mayai hayo hayaambukizi siku yanapotoka. Huhitaji kati ya wiki 2 na 4 ardhini kwanza. Kwa hiyo ukizunguka uwanja mara moja kwa wiki na kusafisha unachokuta, umeshinda sehemu kubwa ya vita. Kinyesi chao hufanana na cha mbwa mdogo, ila mara nyingi utaona mbegu za matunda ndani yake. Vaa glavu, barakoa na viatu vya mpira. Kiloweshe kwanza kwa maji kidogo ili vumbi lisiruke, kizoe kwa koleo, kitie kwenye mifuko miwili, kisha kitupe kwenye taka. Halafu mwaga maji yanayochemka, yatokayo birikani moja kwa moja, juu ya mbao au zege palipokuwa na kinyesi. Kama ni udongo, chota na kutupa sentimita chache za juu. Wengi wetu tumezoea kwamba jiki huua kila kitu. Mayai haya haiyaui. Joto kali ndilo linaloyaua. Sanduku la mchanga la watoto lifunikwe kila jioni bila kukosa, na choo kikiwa darini, usipande na ufagio. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye vifaa, na ile pamba iliyochafuka lazima itolewe.

Kuhusu pipa la kijani, hamko peke yenu. Mwaka 2015 meya wa wakati huo, John Tory, alilitambulisha pipa jipya lenye komeo la kuzungusha kwa maneno ya mtu anayekwenda vitani, na mwaka 2016 jiji likaanza kuligawa nyumba hadi nyumba. Ni pipa zuri. Rakuni wengi hushindwa nalo, lakini likianguka chini komeo linaweza kulegea, na wapo waliorekodiwa kwenye kamera wakilifungua. Siri ni kuzuia lisipinduke. Lisimamishe likiwa limeegemea ukuta na ulifunge kwa kamba ya mpira kwenye ndoano. Mifupa ya kuku, vichwa vya samaki na mabaki ya nyama viweke kwenye friza hadi siku ya ukusanyaji. Sisi tunaopika samaki mzima tunatoa harufu ambayo pipa la jirani halina. Na litoe barabarani asubuhi, si usiku uliotangulia.

Ukitaka kujua unapambana na nani, mtazame anavyogusa. Sehemu kubwa ya ubongo wake inayopokea hisia za mguso ni ya viganja vya mbele. Ndiyo maana watu hudhani anaosha chakula. Anakipapasa ndani ya maji, kwa kuwa ngozi iliyolowa huhisi vizuri zaidi. Kwa viganja hivyo anafungua zipu, vifuniko na komeo za banda la kuku. Msomaji mwenye kuku uani, jihadhari: huingiza mkono kwenye tundu la wavu na kumvuta kuku vipandevipande. Tumia ule wavu wa milimita 13, na mlango uwe na komeo linalohitaji vitendo viwili.

Tuje kwenye mahindi, ambayo nahisi ndiyo yaliyokuuma zaidi. Kwetu mtu hulinda shamba dhidi ya tumbili kwa kukaa kibandani na kopo la kugonga, na tumbili huja mchana na humwogopa mtu. Huyu huja saa nane za usiku umelala, na makopo anayajua. Huvumilia mahindi hadi yaanze kutoa maziwa, kisha huyafikia usiku mmoja au miwili kabla yako. Hupanda bua hadi lilale chini, humenya maganda, huuma mara mbili tatu, hulitupa hindi na kwenda kwa jingine. Ndiyo maana mlikuta yote chini na hakuna lililoliwa hadi gunzi.

Taa za kuwakawaka, redio, unga wa pilipili, mikojo ya wanyama wakali inayouzwa kwenye chupa dukani: vyote hufanya kazi usiku mbili au tatu, halafu mvua inanyesha au yeye anazoea. Sioni sababu ya kutoa pesa zako hapo. Kinachozuia kweli ni uzio wa umeme wa mifugo wenye nyaya mbili, wa kwanza sentimita 15 kutoka chini na wa pili sentimita 30, ukiwa na mashine yake maalumu yenye kupiga kwa vipindi. Usijaribu kamwe kuunganisha na umeme wa nyumbani. Huo unaua mtu. Uwashwe kila jioni kuanzia wiki mbili hivi kabla mahindi hayajakomaa, ili pua yake ijifunze mapema kabla hajaonja, na majani yanayogusa waya yafyekwe, la sivyo nguvu hupotelea ardhini.

Tatizo ni kwamba miji mingi ya Ontario hairuhusu uzio wa umeme kwenye nyumba za makazi. Piga 311 uulize kabla hujanunua waya. Wakisema hapana, rai yangu ni hii: uani hapo Scarborough msipande mahindi mwaka huu. Tafuteni kipande shambani kwa rafiki nje ya jiji, pale uzio unaporuhusiwa, na uani mpande mchicha, sukuma wiki, kunde za majani, majani ya maboga, vitunguu na pilipili. Rakuni hatajisumbua navyo. Sungura wa hapa, kwa upande wake, anaipenda sukuma wiki kuliko wewe, lakini kwa huyo uzio wa wavu wa kawaida wa nusu mita unatosha. Matikiti, zabibu na stroberi ziko kundi moja na mahindi.

Mkiona vuli ikifika zulia la nyasi limekunjwa kama mkeka, hawaharibu kwa kusudi. Chini kuna mabuu ya mbawakawa, na wao wanayachimba. Duka la bustani huuza minyoo midogo iitwayo nematodi, ya kumwagia nyasi mwishoni mwa Agosti na mwanzo wa Septemba udongo ukiwa na unyevu. Hao huua mabuu, na mgeni wa usiku hukosa cha kufuata.

Amebaki bibi jirani. Tangu 2023 Toronto imekataza kulisha wanyamapori hata kwenye uwanja wako mwenyewe, na chakula cha paka kilichoachwa nje usiku huwakusanya rakuni wa mtaa mzima mahali pamoja, pamoja na magonjwa na minyoo yao. Ila usianze na 311. Nenda wewe mwenyewe, ikiwezekana na sahani ya maandazi, na umchukue mtoto. Mweleze kuhusu kile kinyesi na umri wa mwanao. Wazee wengi wanaolisha wanyama hawajawahi kusikia habari za mnyoo huyo. Kama ana paka wa nje anaowaonea huruma, mwombe awalishe mchana na kuondoa sahani kabla giza halijaingia. Akikataa baada ya hapo, na akaendelea, piga simu.